Binti aliyerithi cheo

Leo tumezuru kasri la Blenheim huko Uingereza, lililojengwa kwa ajili ya jemadari John Churchill, mimi na binti yangu.

Churchill alifanywa Duke wa Marlborough, cheo cha juu cha kurithiwa, mwaka 1702. Mwaka uliofuata, mwanawe wa kiume wa pekee aliyebaki akafa kwa ndui akisoma Cambridge. Miaka 17 tu, jamani.

Cheo kingeishia kwa baba. Bunge likapitisha sheria mwaka 1706: mabinti nao warithi. Mzee alipofariki mwaka 1722, Henrietta, bintiye mkubwa, akakishika yeye mwenyewe. Baadaye kikaenda kwa Charles Spencer, mtoto wa dada yake, maana mwana wa kiume wa Henrietta alimtangulia mama yake kaburini.

Kilichonigusa: haki ya Henrietta ilipita mlango wa msiba. Kaka angeishi, nani angemkumbuka?

Kwenu mabinti wanarithi nini cha ukoo? Niambieni.