Mpira wa Zimamoto Juu ya Feri ya Likoni

Nilishuka kwenye feri upande wa kisiwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tepu ya kupimia mfukoni na karatasi ya daftari niliyoichora kwa penseli usiku kucha. Umati wa waendao kazini ulinisukuma hadi juu kilimani, penye tuktuk. Karakana yangu iko Likoni, na siku hiyo nilivuka kutafuta vitu viwili vya maana: vyuma vya kuwa mifupa na mpira wa zimamoto, ule bomba laini la kupitishia maji, wa kuwa mapafu.

Nilikuwa naunda mashine ya kukandamiza kwa hewa. Kazi yangu ni mbao za tiara, zile wanazosimamia vijana wa Diani na Nyali wanapovutwa na tiara juu ya maji, kaskazi ikishika. Mtu akiuona ubao huo mara ya kwanza hudhani ni plaiwudi iliyopakwa rangi. Sivyo. Ndani mna moyo wa mti mwepesi, juu na chini yake vitambaa vya faiba vilivyolowa gundi ya epoksi, na vyote hivyo lazima vigandamane vikiwa tayari na mkunjo wake, ncha zimeinuka. Skii, zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni, na mbao za kutelezea kwenye theluji hutengenezwa vivyo hivyo. Za theluji huongezewa ukingo wa chuma na soli ya plastiki inayonyonya nta. Na ubao wa theluji wenyewe ulianza kienyeji. Mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili za bintiye ziwe ubao mmoja wa kusimama kiubavu, akazua mchezo ambao leo uko Olimpiki. Kwa kuwa mbao zote hizi huundwa kwa namna moja, michoro ya mashine za watu wa theluji ilinifaa mimi nisiyewahi kuiona theluji.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia klampu na mifuko ya mchanga. Pale klampu ilipobana, epoksi yote ilikamuka, faiba ikabaki kavu. Kati ya klampu na klampu likabaki dimbwi. Kijana mmoja alinirudishia ubao uliobambuka katikati, nikaukata kwa msumeno nione ndani. Mapovu yalikuwa yamejipanga kama mayai ya samaki. Iliniuma sana, maana alikuwa amelipa kwa pesa za kufundisha watalii msimu mzima.

Hewa haina upendeleo. Ukiifungia ndani ya mpira, inasukuma kila upande kwa nguvu ile ile, penye bonde na penye mlima. Mpira unalala juu ya ubao na kuufuata mkunjo wa kalibu bila kuuliza. Wengine hutumia mfuko wa plastiki na kunyonya hewa iliyomo, lakini hapo nguvu haiwezi kuzidi uzito wa hewa ya dunia, kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mimi nilitaka tatu.

Shimanzi ina harufu yake: dizeli, kutu, chumvi, na chai ya maziwa kutoka vibandani. Nyuma ya magodauni nilimkuta mzee mmoja wa vyuma chakavu, kofia ya vito kichwani, ameketi juu ya mlango wa meli.

"Wataka ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka bila kusema neno, akanipeleka kwenye rundo la mipira ya zimamoto iliyokunjwa kama mikeka. Nje turubai, ndani mpira. Koki zake za shaba zilikuwa zimeshakatwa zikauzwa kwa kilo, na uliobaki haukuwa na mwenyewe. Kipenyo kilikuwa milimita 65. Mpira huo ukilala bapa unapata upana wa kama sentimita 10, kwa hiyo vipande vinne sambamba vinatimiza sentimita 40, na huo ndio upana wa ubao wangu. Nikachagua wa mita 15, nikaukagua shibiri kwa shibiri nikitafuta mikwaruzo.

Kwenye vyuma ndipo nilipokosea. Bimu nene zilikuwepo, lakini bei yake ilinitisha, nikachukua mabomba ya pembe nne ya milimita 50, yenye ukuta wa milimita 2. Mzee akayatazama, akanitazama.

"Haya ni ya mageti, mwanangu."

Nikamwambia yatatosha. Hakubishana nami. Nikapata mkokoteni na hamali wake, mpira nikaubeba mwenyewe begani, nikamwacha hamali atangulie kivukoni.

Mwembe Tayari nilipita upesi: bolti za milimita 20, valvu, geji, na valvu ya usalama inayojifungua yenyewe hewa ikizidi. Hiyo ya mwisho muuza duka alisema si lazima. Kwangu ilikuwa ya lazima kuliko zote.

Kutoka hapo niliteremka Mji wa Kale kwa ami yangu, fundi wa milango ya kuchonga. Vichochoro vilikuwa vimepoa bado, paka wamelala barazani, na kelele za patasi nilizisikia kabla sijakata kona.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo wabeba chatu?"

Akanikalisha, kahawa chungu ikaja na kashata. Nilimwendea kwa ajili ya moyo wa ubao. Wenzetu wa theluji husifu mti wa paulonia kwa wepesi wake, sisi hatuna wa kuununua dukani. Tulizungumza miti kwa muda mrefu, na hayo ndiyo mazungumzo niyapendayo kuliko yote. Mvule ni mzito. Msufi ni mwepesi lakini unabonyea. Mwembe unachongewa mitumbwi, unavumilia maji, ila huo nao unaleta uzito. Mwishowe tukakubaliana juu ya saipras iliyokaushwa vyema, ipasuliwe vijiti vya sentimita 2, kila kijiti kigeuzwe kimpe mwenzake mgongo, ndipo vigundishwe. Mti mmoja mpana ukivuta unyevu hupinda wote. Vijiti vilivyogeuziana migongo vinazuiana.

"Mbao za jahazi hukunjwa kwa moto na subira," ami akasema, akiushika mpira na kuubonyeza kwa kidole gumba. "Wewe wataka kuukunja kwa pumzi."

Kijana mmoja wa pale barazani akauliza hizo skii Mkenya gani azijua. Nikamtajia Philip Boit, aliyekimbia kilomita 10 za theluji kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja penye utepe amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kisha nikamtajia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi hapa hapa Pwani, aliyeiwakilisha Kenya kuteremka milima ya theluji Pyeongchang mwaka 2018. Alinyamaza kidogo. "Kilifi hii?" Hii.

Jioni tulivuka na mkokoteni, mimi na hamali, tumebanwa kati ya lori la saruji na wanawake wenye ndoo za samaki. Mtoto mmoja akaupapasa mpira njia nzima, mpaka feri ikagusa ng'ambo na lango likashuka.

Wiki ile tuliunda fremu: jozi tano za vyuma, juu na chini, zimefungwa kwa bolti, na katikati kalibu ya plaiwudi yenye mkunjo. Ncha za mpira nilizikunja mara mbili, nikazibana kati ya vipande viwili vya chuma. Jaribio la kwanza nililifanya kwa maji, na ninamsihi yeyote atakayeunda mashine kama hii afanye hivyo. Hewa iliyobanwa ni kama upinde uliovutwa. Chuma kikikatika inakirusha. Maji hayabanwi, yakipata upenyo yanamwagika basi.

Nilipiga pampu ya mkono huku nikitazama geji. Baa 1, yaani kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kimya. Baa 1.5, mlio kama wa mlango wa zamani. Kufika baa 2 nilikuwa naona kwa macho: mabomba ya juu yamepinda kama upindo wa mtumbwi, na nilipoyatoa maji hayakurudi. Nilikaa chini nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kuvuka feri. Baa 3 ni hewa inayozidi kidogo tu ile ya tairi la gari dogo. Lakini mipira minne, kwa pamoja sentimita 40 kwa 150, ni sentimita za mraba 6,000, na kila moja inasukumwa kwa kilo tatu. Hizo ni tani 18. Lori la saruji tulilobanana nalo kwenye feri, nimelipandisha juu ya mabomba ya mageti.

Nikavuka tena. Mzee wa Shimanzi alikuwa amekaa pale pale.

"Yamepinda?"

"Yamepinda, mzee wangu."

Hakucheka. Aliniongoza kwenye bimu za kimo cha milimita 100, akanikatia bei, akanisaidia kuzichagua zisizo na ufa. Mabomba yangu yaliyopinda aliyapokea kwa kilo. Safari hiyo mkokoteni ulihitaji hamali wawili, na kwenye mteremko wa kivukoni sote watatu tulikuwa nyuma tukiuvuta usitutoroke, tukipiga kelele: njia, njia, mzigo!

Bimu zilikaa. Kwa maji tulifika baa 4 na uzi niliounyoosha chini ya chuma haukuonyesha mwanya, ndipo nikathubutu kuunganisha kompresa na kurudi kwenye 3.

Likabaki suala la joto, ambalo michoro ya wenzetu haikuniandaa nalo. Kwao karakana ni baridi, hutandika blanketi za umeme ndani ya mashine epoksi iweze kukauka. Kwangu chini ya bati, saa sita mchana, epoksi huanza kuchemka ndani ya kopo kabla sijamaliza kupaka faiba ya kwanza, maana kila joto likipanda nyuzi kumi, kasi yake huongezeka kama maradufu. Basi nikachanganya baada ya adhana ya alfajiri, kidogo kidogo, kwenye trei pana badala ya kopo refu ili joto lipate pa kutokea. Kitambaa, moyo wa saipras, kitambaa, karatasi ya alumini juu na chini, mipira, nikafungua hewa. Fremu ikanguruma mara moja ikatulia. Epoksi ikachuruzika pembeni pande zote kwa usawa, uzi mwembamba wa asali toka ncha hadi ncha, na hapo nilijua kabla sijaufungua.

Niliuacha mpaka kesho yake. Sikulala vizuri, nilikwenda mara tatu na tochi kutazama geji. Ubao ulikuwa na utando wa kunata kidogo juu, kazi ya unyevu wetu wa pwani, nikauosha kwa maji na sifongo kabla ya msasa. Kisha nikaugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia ncha moja. Ulilia sauti moja mpaka mwisho.

Nilimpigia simu yule kijana aliyerudisha ubao wake. Nilimwambia asije, naupeleka mwenyewe. Nikaufunga kwa leso ya mke wangu, nikapanda matatu ya Ukunda, nikauweka wima kati ya magoti, na mama aliyekaa kando yangu akaniomba auguse.