Jiko Lililochorwa kwa Jivu

"Jiko liko wapi?" mama mkwe aliuliza, karatasi ikiwa imetandazwa mapajani mwake.

Nikampitishia kidole juu ya mchoro: ukuta huu, dirisha hili, mlango wa nyuma ule. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia polepole zaidi, "Nyar Nakuru. Jiko." Hapo ndipo nilipong'amua. Kiswahili kina neno hilo moja kwa chumba na kwa moto wenyewe. Mimi nilikuwa nikimwonyesha chumba, yeye alitaka kujua atainamia wapi.

Ilikuwa Januari 2016, nyumbani kwao Seme, karibu na Ziwa Victoria, si mbali na Kombewa. Mume wangu na ndugu zake walikuwa wamekubaliana kumjengea mama yao nyumba ya mawe, na kwa vile nilisomea uchoraji wa ramani za nyumba huko kwetu Nakuru, upande wa jikoni niliachiwa mimi. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Mama alikuwa amepika miaka arobaini na zaidi katika kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kuta zake nyeusi kwa masizi hadi zinang'aa, na kila nikimsikia akikohoa asubuhi nilijiambia kwamba jiko lake la uzeeni halitakuwa na kasoro.

Tulizungumza Kiswahili, yeye na mimi. Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na cha kununua samaki tu. Aliniita Nyar Nakuru, kwa desturi yao ya kumwita mke kwa jina la kwao, nami nilimwita Mama.

Mchoro wenyewe niliuchora kwa uangalifu mkubwa. Chuoni tulifundishwa pembetatu ya kazi: kutoka sinki hadi jiko, jiko hadi friji, friji hadi sinki. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940, na kanuni yake ni kwamba kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande zote isizidi mita 7.9. Yangu ilikuwa 1.5, 1.8 na 2.1, jumla 5.4. Tena nilikuwa nampenda Margarete Schütte-Lihotzky, yule msanifu majengo wa Austria aliyebuni jiko la Frankfurt mwaka 1926. Chumba chake kilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4 tu, kila kitu kikifikiwa kwa hatua moja au mbili, na kikajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Namheshimu hadi leo. Alihesabu hatua za mpishi wakati ambapo wengi hawakuona kama kuna la kuhesabu.

Lakini mchoro wa kipimo cha 1:20 haukumwambia Mama kitu. Si kwamba hakujua kusoma. Biblia yake ilikuwa imechakaa kurasa. Aliirudisha karatasi mkononi mwangu, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na debe la jivu.

"Nichoree hapa," akasema, akionyesha ua. "Kwa ukubwa wake."

Fundi alikuwapo, akisubiri lori la mchanga. Akanisaidia kupigilia vigingi na kuvuta uzi, na mimi nikamwaga jivu juu ya mstari: kuta nne, mlango, dirisha, kaunta. Kwa kaunta, fundi alipanga mawe ya kuchonga, yale yenye kimo cha inchi tisa. Ukipandisha mawe manne unapata sentimita 90 na ushei, na huo ndio urefu wa kaunta uliozoeleka madukani na vitabuni. Juu yake nikaweka jiko letu la gesi la meza tulilokuja nalo kutoka mjini, na juu ya jiko sufuria kubwa ya sherehe. Mama akaijaza mchanga uliolowa maji.

Kisha akachukua mwiko.

Naikumbuka picha hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Mama hakufika sentimita 150 akivaa viatu, na siku ile alikuwa pekupeku. Mdomo wa sufuria ulimfika kifuani. Ili mwiko uingie ilimbidi ainue kiwiko juu ya bega, na alipojaribu kuukandamiza mchanga kwenye ukingo wa sufuria, kama unavyoukandamiza ugali kuondoa mabuje, mkono ulisukuma lakini uzito wa mwili haukushuka nao. Ugali wa watu kumi na wanne hausongwi kwa kiganja. Mabega ndiyo yanayousonga, na mgongo, na miguu iliyotanuliwa. Sufuria ikateleza. Fundi akaidaka.

"Unaona?" akasema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayemwonyesha mtoto njia ya kisimani.

Nikapima mwili wake kwa futi ya fundi, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla sijashika penseli. Kiwiko chake kilikuwa sentimita 94 kutoka ardhini. Mahali pa kukatia mboga panatakiwa pawe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, basi kaunta yake ilikuwa iwe 82, si 90. Zile 90 zilikuwa zangu. Mimi ni mrefu, na nilipokuwa nikichora nilisimama jikoni mle bila kujua. Na mahali pa moto wa ugali ni habari nyingine kabisa, kwa sababu juu ya kaunta kunaongezeka jiko, na juu ya jiko sufuria. Mama aliyaondoa mawe moja baada ya jingine, akijaribu kila kimo, hadi likabaki jiwe moja. Juu ya jiwe hilo akaweka jiko lake la makaa, akainama, akasonga mchanga wake mara tano, sita, akasimama wima.

"Hapa."

Hapo ndipo tulipovutana. Yeye alitaka jukwaa hilo la jiwe moja liwe ndani, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei huko hazikuachi uende nje na unga mkononi. Mimi nikakataa makaa ndani ya chumba chenye milango na vioo. Moshi wa kuni unaonekana na unakutoa machozi, unakimbia. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Nilimweleza hivyo hivyo, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe tukaafikiana juu ya kibaraza nyuma ya mlango wa jikoni, paa la mabati likiendelezwa mita moja na nusu, wazi pande mbili, hatua tatu kutoka sinki. Nilikipima ndani ya pembetatu yangu. Kiliingia.

Pande zipi ziwe wazi? Nilikuwa nimejiamulia tu, yeye akacheka. Alikuwa mke wa mvuvi. Marehemu mzee wake alikuwa akitoka na mashua alfajiri, upepo wa nchi kavu ukimsukuma kuelekea majini, na kurudi mchana upepo ulipogeuka na kuvuma kutoka ziwani. Ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Mimi nililijua hilo darasani. Yeye alilijua kwa saa. Akawasha majani mabichi mahali pa kibaraza saa nne asubuhi, moshi ukapanda kiuvivu. Akawasha tena saa tisa alasiri, na moshi ule ukalala chini na kuingia moja kwa moja katika mlango wa jivu, hadi mahali nilipochora friji. Tukahamisha kibaraza upande wa pili wa kona. Kigingi cha mlango kiling'olewa mara mbili siku ile. Fundi hakulalamika, ila alikunywa chai vikombe vitatu.

Kijana wa bodaboda aliyeleta gesi kutoka Kombewa naye alitoa neno lake, bila kuombwa, akiwa bado amekalia pikipiki. Alitazama mchoro wa jivu, akauliza mtungi wa kilo 13 utakaa wapi. Nikamwambia ndani ya kabati, chini ya kaunta, usionekane. Akatikisa kichwa. "Dada, gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inalala chini humo humo kwenye kabati, inangoja kiberiti." Mtungi ukahamia nje, ndani ya kizimba cha wavu, na mpira ukapita ukutani kwenye bomba. Nilikuwa nimesoma hayo pia. Kuyasoma na kuyakumbuka unapotaka jikoni papendeze ni vitu viwili.

Mengine yalikwenda upesi: rafu ya vyungu isipite urefu wa mkono wake ulionyoshwa, mfereji wa tanki la maji ya mvua karibu na kibaraza, sakafu iwe na mteremko kidogo ili ikioshwa maji yatoke mlangoni, na mahali pa kuanikia omena pasipofikiwa na kuku.

Likabaki dirisha.

Nililiweka juu ya sinki, pana, likitazama kusini-magharibi. Kutoka hapo unaliona ziwa, kipande chake chembamba kati ya miembe, na jioni linageuka rangi ya shaba. Nilitaka mwanamke huyu aliyepikia gizani maisha yake yote aoshe vyombo akiliona ziwa. Mama alisimama ndani ya jivu, mahali pa sinki, akageuka taratibu hadi akalitazama lango.

"Dirisha ningeliweka huku," akasema. "Nimwone anayekuja."

Nikamwambia kuhusu ziwa. Nikamwambia kuhusu mwanga. Nilisema mengi, na nadhani alisikia katika sauti yangu jinsi nilivyokuwa nimelipenda lile dirisha, kwa sababu aliitikia tu, "Sawa, Nyar Nakuru," akaenda kufungia kuku.

Fundi alijenga kama tulivyochora. Agosti ile tulikutana wote kwa ibada ya kuibariki nyumba, na Mama alisonga ugali kwenye kibaraza, kilo tatu za unga, miguu imetanuliwa kila upande wa jukwaa la jiwe moja, akikataa kila aliyejitolea kumpokea mwiko. Moshi ulikwenda zake upande wa migomba. Kaunta ya sentimita 82 ilinichosha mgongo mimi, nami nilifurahi.

Saa kumi jua likashuka. Likaingia kwa dirisha langu, likapiga juu ya maji ya ziwa na kurudi kwa mara ya pili, na jikoni kote kukawa hakutazamiki. Shemeji alikuwa akiosha sahani macho ameyafumba. Nje, wageni wa kutoka Kisumu walikuwa wamesimama langoni kitambo, wakibisha hodi, na hakuna aliyewaona.

Niliporudi Desemba nilikuta misumari miwili imepigwa juu ya dirisha, na leso imetundikwa, ya kijani yenye maembe. Mama hakuitaja. Nami sikuuliza. Karibu na mlango, ukutani upande wa lango, alikuwa ameweka kigoda, na hapo ndipo alipokuwa ameketi akichambua mchicha nilipoingia, uso ukielekea njia.