Mfarishi wa malkia: mapande manne tayari, la katikati bado

Mwezi wa nne huu nashona mfarishi wa viraka kwa mabaki ya kanga na vitenge, nikifuata ule wa Malkia Liliuokalani wa Hawaii. Yeye aliuanza wake mwaka 1895 akiwa mfungwa katika chumba cha juu cha kasri lake mwenyewe, Iolani, mjini Honolulu. Ni wa hariri na mahameli, vipande vya kila umbo vilivyotariziwa majina na tarehe, mapande makubwa tisa kwa jumla. Mpaka leo umo mle mle kasrini. Nilipouona pichani sikuweza kuusahau, maana sisi tumezoea kitambaa kinachosema. Kanga isiyo na jina ni shuka tu.

Nilipanga kila pande liwe la jamaa wa malkia, nikadhani kazi ni nyepesi. Pande la wazazi peke yake lilinichukua wiki mbili. Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1838, mama Keohokalole na baba Kapaakea, lakini alipotoka tumboni tu alifungwa nguo akapelekwa kwa Konia na mumewe Paki, wakamlea kama mwana wao. Wahawaii huiita desturi hiyo hanai. Nasi hapa pwani tunao watoto wanaopewa bibi au shangazi awalee, ila kule hata kaka yake Kalakaua alikulia nyumba nyingine, na dada aliyezoeana naye ni Bernice Pauahi, binti wa Konia. Sasa mzazi ni nani wa kuwekwa juu? Nilifumua mara tatu. Mwishowe nilikata kanga moja: mji wake nikawapa waliomlea, pindo nikawapa waliomzaa. Huenda nimewaonea.

Pande la Kalakaua lilikwenda haraka, siku mbili tu. Mfalme tangu 1874; mwaka 1887 akalazimishwa kutia saini katiba iliyomvua madaraka, ile watu waliyoiita Katiba ya Singe; akafia San Francisco Januari 1891. Dada mtu akakalia kiti siku tisa baadaye.

Mume, John Dominis, nimemkatia kitambaa cha suruali kuukuu. Walioana 1862, hawakujaaliwa mtoto. Bwana alipata wa nje, na malkia akaja kumchukua mtoto yule akawa mwanawe. Dominis alikufa Agosti 1891, mkewe akiwa na miezi saba tu madarakani. Mishono ya pande hili imepinda kidogo, nami sitairudia.

Pande la nne ni la mpwa wa malkia na mrithi wake, Kaiulani, binti wa dada yake Likelike. Hili ndilo lililonitoa jasho. Nililoweka kanga mpya nyekundu kuondoa wanga, ikachuja rangi yote juu ya ile nyeupe niliyoiloweka nayo. Uzembe wangu. Binti huyu alikuwa masomoni Uingereza shangazi yake alipopinduliwa tarehe 17 Januari 1893. Akiwa na miaka 17 alikwenda Washington kumtetea mbele ya Rais Cleveland. Akafa 1899, hajatimiza 24. Ule weupe uliogeuka waridi nimeuacha ndani.

Mapinduzi yenyewe sikuyapa pande. Wafanyabiashara na wenye mashamba walimwona malkia anataka katiba mpya ya kurudisha mamlaka, wakaunda kamati, na askari wa manowari ya Marekani wakashuka bandarini siku moja kabla. Nimeyapitisha kama uzi mweusi kwenye maungio yote.

Limebaki la katikati. Januari 1895 wafuasi wake walijaribu kumrudisha wakashindwa, naye akakamatwa. Alitia saini hati ya kujiuzulu ili wafuasi wake wasinyongwe, na walimtaka aandike "Liliuokalani Dominis", jina ambalo hakuwahi kulitumia. Baadaye akahukumiwa ndani ya ukumbi ule ule wa kiti chake cha enzi. Alizuiwa magazeti, lakini maua aliyoletewa yalikuja yamefungwa kwa kurasa za magazeti, akazisoma. Aliachiwa Septemba.

Nimeshachora herufi kwa chaki: Liliuokalani, basi, bila Dominis. Chini yake nimeacha nafasi ya Eveline Wilson, ambaye hakuwa ndugu wala hakuhukumiwa, lakini alikubali kufungiwa naye. Malkia alilitarizi jina lake kwenye mfarishi wa kweli. Bandi nimeshapiga. Uzi wa njano umebaki kidogo, hautoshi majina yote mawili, kwa hiyo Jumamosi naanza na la Eveline.