Siku moja maishani mwangu: nikipita nyumba kwa nyumba katikati ya mji wa Lindi

Mimi ni mtendaji wa mtaa hapa Lindi mjini, mtaa wa katikati kabisa. Kazi kubwa tuliyonayo sasa ni mapendekezo ya kuuendeleza upya mtaa: nyumba za zamani zipishe maghorofa yenye fremu za maduka chini na makazi juu, barabara zipanuliwe, mitaro ijengwe. Bado ni rasimu. Nimekabidhiwa fomu nichukue maoni ya wakazi, na hii ndiyo Jumatano yangu.

Saa 12 asubuhi

Chai, mihogo ya kuchemsha, watoto shule. Natoka.

Saa 1:30 asubuhi

Ofisini kuna wawili wa barua ya utambulisho na jirani wanaogombania maji machafu. Hayo nayamaliza haraka. Wengine hawaniulizi chochote, wanakwenda moja kwa moja kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Kila mtu anatafuta kwake kwa kidole. Anaanzia baharini, anapandisha, anahesabu kona, akifika kwenye kiwanja chake anatulia. Pale penye uani wake, mchoraji ameweka maegesho ya magari. Karatasi imeshaanza kufifia pale vidole vinapopita kila siku, na mimi naona hayo nayo ni maoni, ila fomu haina pa kuyaandika.

Saa 3 asubuhi

"Hodi hapa! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupiga X?"

Swali hilo naulizwa karibu kila mlango. Watu wa miji yetu wakisikia neno mradi wanaiona ile alama nyekundu ya kubomolewa ukutani kabla hata hujasema jina lako. Namweleza kuwa leo ni kusikiliza tu, hakuna rangi. Ananitolea mkeka.

Nyumba yake ni ile ya kwetu ya siku zote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani penye jiko, choo na mwembe. Kiwanja kina jina la marehemu baba yake. Warithi wako Dar es Salaam, Unguja na Masasi, mmoja ameshafariki na kuacha watoto. Mirathi haijawahi kufunguliwa.

"Mimi ghorofa siikatai," anasema. "Ila niambieni nitaipandaje na magoti haya, na dagaa wangu nitawaanika wapi."

Naandika kama alivyosema, neno kwa neno. Halafu namwambia jambo ninalowaambia wote wenye nyumba za urithi: itaneni, mteue msimamizi wa mirathi, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkathibitishe sasa hivi, kabla mthamini hajaja. Fidia ikija na jina la marehemu, pesa inakaa, ndugu wanagombana, na mwenye kulala ndani ya nyumba ndiye wa kwanza kutoka. Nimeyaona haya na yananiuma. Nusu ya mtaa huu ni nyumba za namna hii.

Saa 5 asubuhi

Kwenye kibaraza cha duka la zamani kuna fundi cherehani, na pembeni yake muuza kahawa na kashata. Fundi amesikia kwamba anayepoteza biashara hulipwa. Ni kweli. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na kilicho juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na upotevu wa faida, nao kwa miezi 36. Lakini faida hiyo lazima ithibitike, na pale inapobidi zinatakiwa hesabu zilizokaguliwa.

"Hesabu ninazo," anasema, na kunitolea daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Nalifungua. Kiuno 34, urefu 41, bega 18, jina la mteja, na kando yake "bado elfu tatu". Kurasa zote ni hivyo. Ni kazi ya miaka mingi ya mtu mwaminifu, na hakuna mkaguzi atakayeiita hesabu. Namshauri aanze leo kuandika kinachoingia na kinachotoka kila siku, atunze risiti za nyuzi na vitambaa. Muuza kahawa anasikiliza. Yeye hana hata daftari, na kibaraza si chake wala si cha fundi.

Saa 7 mchana

Wali na ngisi kwa mama ntilie, kisha swala. Barazani wazee wanabishana kuliko jana. Mmoja anawataja watu wa Likong'o, waliopisha mradi wa gesi wakasubiri miaka hadi fidia ilipoanza kulipwa mwaka 2020. Mwingine anajibu kwa Magomeni Kota ya Dar es Salaam: familia 644, nyumba zilibomolewa, watu wakatawanyika, na majengo mapya yakazinduliwa Machi 2022. "Si walirudi?" anauliza. "Walirudi baada ya miaka kumi," anajibiwa. "Mimi baada ya miaka kumi utanirudisha wapi?"

Hapo naingilia kidogo. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, inabidi ufanywe upya. Ni vizuri wazee walijue hilo wakiwa bado barazani.

Saa 9 alasiri

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananisubiri kwa hamu. Huyu anautaka mradi hata kesho, na hoja zake si za kupuuza. Ananipeleka nyuma ya nyumba, anapitisha kiganja ukutani, na chokaa inadondoka pamoja na mchanga. Chumvi ya bahari imekula kuta mpaka miti ya ndani inaonekana. Masika yakianza, maji yanateremka kutoka mlimani na kuingia sebuleni.

"Dada, Lindi tumesubiri sana," anasema. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalihama hapa kwenda Mtwara enzi za mkoloni. Daraja la Mkapa pale Rufiji tulilipata mwaka 2003, na kabla ya hapo mvua zikinyesha safari ya Dar es Salaam ilikuwa majaliwa. Sasa barabara ipo, wageni wanakuja, anauliza kwa nini watoto wake warithi kuta zinazomomonyoka.

Yeye hataki fidia, anataka ubia: atoe kiwanja chenye hati, mwekezaji ajenge, wagawane ghorofa. Nakubaliana naye kuhusu kuta na mitaro. Katika nyumba yake hiyohiyo, upande wa pili, kuna vyumba vinne vya wapangaji. Namuuliza wao watakwenda wapi. Anafikiri kidogo, anasema hajawauliza.

Saa 11 jioni

Wapangaji huwapati mchana. Nawafuata jioni, ndoo za samaki zinapooshwa. Mama mmoja muuza samaki, chumba kimoja na watoto watatu, ananitazama nikifungua fomu.

"Mtendaji, mimi unaniandika wapi?"

Fomu ina nafasi ya jina la mmiliki, namba ya kiwanja, na hati au ofa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja. Basi. Kwa hesabu ya fomu, nyumba hii ina mtu mmoja, mwenye duka. Kwa macho yangu ina familia tano. Mpango wowote utakaotoka kwenye fomu hizi utaujua mtaa kwa mabati yake na hautawajua watu wake.

Nageuza karatasi nyuma, napiga mistari kwa rula: jina, chumba, ameishi tangu lini, kodi, kazi, maoni. Jina lake linakuwa la kwanza. Anasema hapa analipa kodi mwezi kwa mwezi, lakini nyumba mpya zitataka ya miezi sita mbele. Anasema akihamia Mitwero, bodaboda ya alfajiri kwenda kuwahi samaki itakula faida yote. Anasema wakijenga, aonyeshwe kwanza chumba atakachokimudu, ndipo aambiwe aondoke. Jirani anatoa kigoda, mwingine anakuja na mtoto mgongoni, na foleni inaanza uani.

Saa 2 usiku

Baada ya isha nampigia mwenyekiti wa mtaa. Namwambia mkutano hauwezi kufanyika saa 4 asubuhi kama ilivyopangwa, maana saa hiyo watakuja wenye nyumba peke yao. Anasita, kwa sababu wageni wa kutoka ofisi za juu wanapenda asubuhi. Namsomea yale ya mama wa samaki. Ananyamaza, kisha anasema sawa, tuweke Jumamosi saa 11 jioni.

Kwa hiyo wa mtaani kwangu mnaosoma hapa: Jumamosi, saa 11 jioni, uwanja wa ofisi. Mwenye nyumba aje na hati au ofa yake. Wenye nyumba ya urithi waje angalau wawili. Mpangaji aje na jina la mwenye nyumba wake na risiti ya kodi kama anayo, na kama hana, aje hivyohivyo. Karatasi za nyuma nimeshazipigia mistari, na ripoti yangu haitaondoka bila hizo.