Sawa ya Baba mdogo

Jumapili imerudi tena na mimi bado nabishana na neno moja la herufi nne. Baba mdogo alilitamka Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri, kikombe cha chai mkononi, na nina hakika alishalisahau kabla hajafika getini. Mimi ndiye niliyebaki nalo.

Mara ya mwisho kuwaandikia habari za mashua yangu ilikuwa bado mifupa juu ya meza ya kulia. Ile seti ya kuunda mashua ndogo ya mfano ambayo Hamisi aliniletea kutoka Denmark. (Mama, aliposikia Hamisi akisema "kit" kwenye simu, alielewa kiti. Hadi leo anauliza kama nimeshakikalia.) Juu ya boksi palikuwa na picha ya mashua ya uvuvi ya Bahari ya Kaskazini, ya buluu, ina milingoti miwili na kibanda cha nahodha chenye madirisha. Ndani mlikuwa na mbavu za plaiwudi zilizokatwa tayari, fungu la vijiti vyembamba vya mbao, winchi ya plastiki, na mvuvi mmoja wa plastiki mwenye ndevu na koti la mvua. Vile vijiti, kwa mujibu wa kitabu, ni vya obeche, mti wa Afrika Magharibi. Yaani mti ulitoka Afrika, ukaenda Ulaya kupasuliwa vijiti, ukarudi kupitia Entebbe ndani ya begi la Hamisi katikati ya chokoleti.

Nilikifuata kitabu hadi ukurasa wa nne. Hapo nikakwama, wala si kwa ugumu. Nimekulia Walukuba, hapa Jinja, kwenye upepo unaoleta harufu ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, kutoka Masese kabla jogoo hajawika. Mashua ya buluu ya kuvulia kwenye baridi ya Ulaya ingekaa juu ya kabati langu kama mgeni asiyejua atalala wapi. Nikachukua msumeno.

Kibanda cha nahodha kwaheri. Milingoti kwaheri. Sitaha nimeiacha bila kuifunika, maana mashua zetu ziko wazi, unaona mbavu na maji yaliyotuama chini. Nyuma nimekata wima ili injini ipate pa kukaa, mbele nimeinua ncha kama mashua za Sesse, zile za wavuvi wa Ziwa Victoria. Tatizo likawa unene. Mashua ya Kidenmaki ina tumbo, ya kwetu ni nyembamba. Ilibidi nichore kila ubavu upya na kuupunguza sentimita 3 kila upande, jioni baada ya jioni, vumbi la plaiwudi likiingia hadi kwenye sukari. Injini nimeichonga kutoka kipande cha mvule, nikaipaka rangi ya kijivu, na ukiitazama kutoka mlangoni utasema ni Yamaha.

Halafu kuna yule mvuvi. Kwenye boksi kipimo ni 1:30, sentimita 60 zinasimama badala ya mita 18. Lakini mimi niliamua chombo changu kiwe cha futi 28, yaani mita nane na nusu, na hesabu ikageuka kuwa kama 1:14. Mvuvi mwenye sentimita 6, ambaye Denmark alikuwa mwanamume mzima wa mita 1.8, Jinja amekuwa na sentimita 84. Mtoto anayejifunza kutembea, mwenye ndevu. Nimemweka dirishani, anatutazama.

Kwa nini futi 28? Wengi wenu mnajua. Mashua ya mwisho ya Baba mdogo ilikuwa ya futi 24. Aliiunda mwenyewe, mbao za mvule kwenye mkuku na za musizi ubavuni, ikamsomeshea watoto watatu. Sheria ya kuvulia sangara inataka 28, na msako ulipokaza mwaka 2017 mashua fupi zilichomwa mchana kweupe. Ya kwake ilikuwamo. Futi nne zilizopungua. Yeye hajawahi kutusimulia, nilisikia kwa Mama mdogo, jikoni, kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilipochagua 28 nilijiona namfanyia jambo kubwa. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe.

Basi Jumapili akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akavua kofia. Mashua ilikuwa mezani, mbao zimekamilika pande zote, bado haijapigwa rangi. Hakuuliza ruhusa. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaigeuza kifudifudi, akafumba jicho moja na kuutazama mkuku kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki.

"Futi ngapi?"

"Ishirini na nane, Baba mdogo. Ukipiga hesabu."

Akaguna. Akapitisha kidole gumba upande wa kulia, taratibu, ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karibu na mbele akasimama.

"Maji yataingilia hapa."

"Hii haiendi majini, Baba mdogo."

"Sawa."

Akairudisha mezani, akaomba sukari.

Ndiyo hayo tu. Lakini nisaidieni, kwa sababu wiki nzima nimeyapindua. Kuna sawa ya bodaboda ukimkatalia bei, ile anayoisema huku ameshageuza pikipiki. Kuna sawa ya Mama, ndefu, saaawa, maana yake tutazungumza ukikua. Kuna sawa ya daktari. Ya Baba mdogo ilikuwa fupi, haikupanda wala haikushuka. Jumatatu niliisikia kama dharau: mtoto anacheza, mwache acheze. Jumanne niliisikia kama huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana nilianza kujiuliza kama ile 28 yangu ilikuwa zawadi au kidole kwenye kidonda. Mtu alichomewa chombo kwa futi nne, wewe unamwekea kinyago chenye zile futi nne mezani, karibu na sukari!

Kisha nikapata jibu ambalo ningepaswa kumpa. Mnajua majibu ya aina hiyo, huja ukiwa unapiga mswaki. Ningemwambia: Baba mdogo, hata meli alizofanyia kazi babu zilikuja kama seti. Victoria ilijengwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipandevipande hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Na kabla yake William Mackinnon, iliyoshushwa ziwani hapo hapo Kisumu mwaka 1900, nayo ilitoka Scotland vipandevipande. Watu walikaa ufukweni na vyuma na michoro wakiunganisha, kama mimi na gundi yangu. Nilijisikia vizuri sana. Nilimaliza mswaki kama wakili aliyeshinda kesi.

Nikiwa nasukutua nikamsikia akijibu: "Lakini ziliingia majini."

Katikati ya hayo yote ndugu yangu Zuhura ameolewa, bosi amehamishiwa Malaba, na mimi nimekabidhiwa ofisi na bunda la funguo. Harusi ilifana, picha nitaweka siku nyingine.

Jumatano usiku umeme ulikatika. Nikawasha tochi ya simu kutafuta kiberiti, na kwa ukaidi tu nikaiingiza tochi ndani ya mashua. Kwenye ubao wa tatu, upande wa kulia, karibu na mbele, mstari wa mwanga ukatokea nje. Mwembamba kama unywele, mrefu kama ukucha wangu. Pale pale pa kidole chake.

Nilikaa chini kwenye giza. Na najua sababu yake, hilo ndilo la kuudhi. Nilipozipunguza zile mbavu sikuzichonga kingo kwa mshazari upya, kwa hiyo ubao ukawa unagusa ncha tu ya ubavu badala ya kuulalia. Kwa macho huwezi kuona. Nilikuwa nimeshapitisha msasa hadi pakawa laini kama shavu. Yeye alipaona kwa kidole gumba, kwenye chombo ambacho mbao zake ni nyembamba kuliko ukucha wa kidole hicho.

Hapo ndipo neno likaanza kubadilika sauti kichwani. Wageni wengine wote walioiona mashua hii walisema nzuri. Jirani alisema nzuri. Mchumba wa Zuhura, sasa ni shemeji, alisema nzuri akauliza ningeiuza bei gani. Wameitazama kama pambo. Baba mdogo peke yake aliigeuza kifudifudi akaikagua. Hakuuliza ni ya nini. Aliuliza futi ngapi, kama anavyouliza mwaloni, kule mashua za uvuvi zinakotia nanga.

Alhamisi nilifungua pamba ya masikio, nikaisokota uzi, nikaisukuma kwenye ufa kwa ncha ya kisu, juu yake gundi ya mbao, juu yake varnishi mara tatu. Hivyo ndivyo anavyoziba yeye, pamba kwanza. Ijumaa ilikauka. Jana nikajaza maji kwenye beseni la kufulia, lile kubwa la buluu, nikafunga mlango kwa komeo ili jirani asinikute, nikaishusha.

Ikaelea. Nawaambia, nilipiga kigelegele peke yangu, mwanamke mzima mwenye funguo za ofisi. Nikangoja dakika kumi, nikapitisha kidole ndani. Pakavu. Ila ilikuwa imelala kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya meza ya pili.

Nikampigia. Simu yake ni ya vitufe, picha haifiki, kwa hiyo ilibidi niseme kwa mdomo.

"Baba mdogo, nimeitia majini."

Kimya. Nyuma yake nilisikia watu wa mwaloni wakipigizana kelele za bei.

"Inalalia upande gani?"

Hakuuliza kama inalala. Aliuliza upande gani.

"Kushoto."

"Ulimaliza kushoto kwanza, ndiyo ukaja kulia."

Nilinyamaza, kwa sababu ndivyo. Nilipigilia mbao zote za kushoto siku ya mapumziko, nikafurahi jinsi zilivyopendeza, nikazifuata za kulia wiki nyingine. Mbao zikavuta mkuku, mkuku ukapinda. Unatakiwa uweke mmoja huku, mmoja kule. Nilipokata simu nikakifungua kitabu cha maelekezo. Imeandikwa ukurasa wa tano, kwa lugha tatu, na mchoro.

"Weka jiwe kulia," aliniambia. "Dogo. Usiliweke mbele." Halafu akasema atakuja Jumapili ijayo na rangi iliyobaki kwenye mashua ya jirani yake, kwa sababu rangi ya dukani ya vikopo vidogo ni maji matupu. Nikasema sawa. Sijui yeye aliisikia vipi.

Jiwe nimeliokota nje ya geti. Mashua inakaa wima sasa. Mvuvi wa ndevu bado yuko dirishani, kwa umri wake hawezi kuachiwa karibu na maji.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni kingine. Lile bunda alilonikabidhi bosi lina funguo tisa. Leo nimepita ofisini makusudi, peke yangu, nikajaribu kila mlango, kila droo, kabati la stoo, hadi kisanduku cha fedha. Makufuli ni manane. Ufunguo wa tisa ni mpya, unang'aa, umefungwa uzi mwekundu, na bosi tangu Ijumaa hapokei simu.