Trekta lililotumika limefika shambani

Hatimaye nimenunua trekta lililotumika, pamoja na plau ya disiki, haro ya kuvunja mabonge ya udongo na tela, kwa ajili ya shamba letu dogo. Kabla ya kwenda kulikagua, nilimwomba muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha magonjwa mengi. Liliwaka bila kusumbua, likatoa moshi mweusi kidogo kisha likatulia. Ungekuwa wa buluu mfululizo, dalili ya kuunguza oili, ningeaga. Kijiti cha kupimia oili nacho hakikuonyesha weupe kama wa maziwa, ambao ungemaanisha kwamba maji yamejipenyeza ndani.

Saa ya injini, inayohesabu muda ambao injini imefanya kazi, sikuiamini sana, kwani hubadilishwa kwa urahisi, hivyo nilitazama pedali zilivyolika. Kisha tulinyanyua plau kwa haidroli, tukazima injini na kusubiri tuone kama mikono ya nyuma inayobeba zana ingeshuka yenyewe. Ilishuka polepole mno, jambo ambalo kwa chombo cha umri huo naliona la kawaida.

Zana ndizo zilizohitaji subira zaidi. Shimo la pini za chini kwenye plau lilikuwa la milimita 28, ilhali mikono ya trekta ni ya daraja la kwanza (kipimo cha ukubwa wa viungio vya zana), yenye pini za milimita 22, kwa hiyo fundi amechonga pini mpya. Haro imebaki na beringi moja inayolia, nayo itabadilishwa kabla ya mvua.