Nilivyozidai dakika zilizokuwa zinapotea darasani

Ukiniuliza darasa langu la tatu lilikuwa linaharibikia wapi, sitakutajia hisabati wala kusoma. Fujo ilikuwa inaanza pale kipindi kimoja kimekwisha na kingine bado hakijaanza. Madaftari yanakusanywa, mmoja anatafuta penseli, wawili wanaomba ruhusa ya kwenda chooni, na mimi nimelipa darasa mgongo nafuta ubao. Piga hesabu: siku ikiwa na mabadiliko 10 ya shughuli, na kila moja likala dakika 4, zimekwenda dakika 40. Hicho ni kipindi kizima, na hakuna aliyefundishwa kitu.

Nilianza na asubuhi. Siku hizi watoto wanakuta kazi fupi ubaoni: sentensi tatu za kusahihisha, au hesabu chache za jambo tulilokwisha kulisoma. Sharti lake ni moja, mtoto aweze kuifanya bila kuniuliza. Ikiwa ngumu kidogo tu, foleni inajipanga mezani kwangu na asubuhi imeshaharibika. Wao wakiandika, mimi najaza daftari la mahudhurio kwa kuangalia nafasi zilizo wazi, kwa sababu kila mtoto ana kiti chake. Wapo walimu wanaopenda kuita majina na kusikia kila mmoja akiitika. Siwapingi, ila darasa likiwa kubwa, wa mwisho kuitwa ameshampiga mwenzake kiwiko. Anayechelewa huingia, hukaa, huanza kazi. Sababu za kuchelewa tunazungumza baadaye, sisi wawili.

Madaftari ndiyo yaliyonichukulia muda mrefu kuliko yote. Utaratibu wenyewe ni huu: mtoto wa nyuma kabisa analifungua daftari kwenye ukurasa wa kazi ya leo, anampa aliye mbele yake, naye analaza la kwake juu, hivyohivyo mpaka dawati la mbele. Kiongozi wa safu ananiletea. Kufungua ukurasa kunaonekana jambo dogo, lakini jaribu kusahihisha rundo zima huku ukitafuta ukurasa kwenye kila daftari, utanielewa. Hili nililifundisha kama ninavyofundisha somo. Nilikaa mwenyewe dawati la nyuma, nikaonyesha. Safu moja ikajaribu, wengine wakatazama na kusema walichokiona. Kisha safu zote. Palipoharibika tulirudia, bila adhabu na bila hotuba. Kulikuwa na msichana aliyependa kulirusha daftari juu ya bega la mwenzake. Nikamfanya yeye ndiye wa kuwaonyesha wengine, na kurusha kukaisha.

Penseli zilikuwa rahisi. Makopo mawili mezani: moja la zilizochongwa, jingine la butu. Unaweka butu, unachukua kali, unarudi. Wenye zamu wanachonga mwisho wa siku. Chooni tunatumia kibao kimoja kinachoning'inia mlangoni. Kikiwepo, mtoto ananyanyua vidole viwili, nami namkubalia kwa kichwa bila kukatiza somo. Aliyebanwa haambiwi asubiri kibao kirudi. Hilo nililisema siku ya kwanza, na ninalisema tena kila muhula.

Ishara ya kutulia ni mkono juu. Anayeuona anapandisha wake na kunyamaza. Watoto waliijua upesi. Mgumu nilikuwa mimi, maana mwalimu ana tabia ya kuendelea kuzungumza juu ya kelele huku mkono uko hewani. Lazima unyamaze kabisa, usubiri, hata ukiona aibu. Mtafiti Mmarekani Jacob Kounin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kwamba kinachotofautisha madarasa yaliyotulia na yasiyotulia si namna mwalimu anavyokemea. Ni namna anavyoona mambo mapema na anavyovuka kutoka shughuli moja hadi nyingine bila kukwama. Nilipokutana na hoja hiyo nilipunguza kukemea, nikaongeza kujipanga.

Kwenye maswali nimeweka desturi nyingine: nikiuliza, hakuna anayejibu mpaka nihesabu kimoyomoyo hadi tatu. Hii nimeichukua kwa Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliyeonyesha kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakifika sekunde 3 majibu yanarefuka na watoto wanaokaa kimya nao wanajitokeza. Sekunde hizo tatu ni ndefu kweli ukiwa umesimama mbele ya darasa.

Nyota za kubandika kwa safu iliyofanya vizuri niliziacha. Watoto walianza kugombania nyota na kusahau madaftari. Kitu kilichofaa zaidi nilikipata kwa mtoto mmoja aliyekuwa analia kila tunapobadilisha shughuli. Nilikuwa namwinamia na kumnong'oneza, "Bado dakika mbili, kisha tunafunga daftari." Akatulia. Basi nikaanza kuwatangazia wote, na hata wale wepesi wakaacha kulalamika kwamba nimewakatiza.

Baada ya likizo yote haya husahaulika nusu, kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula naifundisha upya bila kuona uchungu. Kinachonishinda bado ni kurudi kutoka mapumziko. Wanaingia wamevuja jasho, wana kesi za nani kamsukuma nani. Nimekuwa nikisimama mlangoni, wakikaa nawasomea hadithi kwa dakika chache kabla ya somo. Siku nyingi inatosha. Siku ya mpira haitoshi, na sasa ninajaribu kuwaachia wenye kesi waziandike kwenye karatasi na kuziweka mezani kwangu. Nyingi, nikizisoma mchana, wenyewe wameshapatana.